Land Rover 109: kinachokosekana si spea

Anayeandika kwamba Land Rover 109 zilizobaki Handeni na Korogwe ziuzwe kama vyuma chakavu kwa sababu spea hazipo, amekosea chanzo cha tatizo. Spea zipo, kinachokosekana ni taarifa. Chukua injini ya lita 2.25 ya magari haya: kranki yake ilikaa kwenye beringi kuu 3, na kuanzia 1980 zikawa 5. Fundi akiagiza "kranki ya 109" bila kutaja namba ya injini, anaweza kuletewa isiyoingia, kisha lawama zote zikaangukia gari. Kumbe hata injini ya zamani ikishindikana, ipo mbadala: injini ya dizeli ya 200Tdi, iliyotoka 1989, matundu yake ya boliti yanalingana na giaboksi ile ile ya zamani ya 109.

Ni kweli kwamba spea bandia zipo, na gari lenye chasisi iliyooza halifai kubeba watu. Lakini bandia hutambuliwa na fundi mwenye kipimo na namba sahihi ya spea, na chasisi mbovu ni hoja dhidi ya gari hilo moja, si dhidi ya aina nzima. Mwenye gari, kabla hujaliuza kwa kilo, soma namba iliyogongwa kwenye injini, iandike, ndipo uagize.