Maana ya Maneno: "Anxious" na Ndugu Yake

Mwezi huu twataka kueleza neno la Kiingereza "anxious", kwa sababu tuliwahi kulikosea, na kosa letu likamwumiza mzee mmoja.

Mzee huyo alituletea barua ya mwanawe aliye masomoni mbali, tumsomee. Mwana aliandika ya kuwa yu "anxious" kumwona baba yake. Sisi tulijua maana moja tu ya neno hilo, tukafasiri: "Naogopa kukuona." Mzee alinyamaza, akaikunja barua, akaenda zake. Majuma matatu hakujibu. Hata tulipolitafuta neno katika kamusi, tuliona haya. Mwana alisema, "Nina shauku ya kukuona."

Basi jueni asili yake. Neno hilo latoka katika Kilatini, kwa tendo la kukaba au kubana. Mwenye wasiwasi huona kifua kimembana. Lakini mwenye hamu naye hakosi kubanwa moyo. Tangu karne ya 18 Waingereza hulitumia kwa shauku pia. Likifuatwa na "about", ni hofu juu ya jambo. Likifuatwa na "to" na tendo, mara nyingi ni hamu.

Ndugu yake ni "worry". Zamani maana yake ilikuwa kunyonga. Kisha likawa neno la mbwa amkamatapo kondoo kwa meno na kumtikisa. Hata sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 juu ya mbwa wasumbuao mifugo yatumia neno hilo. Maana ya kujisumbua moyoni ilienea katika karne ya 19.

Wala tusidhani ya kuwa lugha yetu ni maskini. Wasiwasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mnong'ono, sauti ndogo isiyonyamaza. Dhiki ni ufinyu wa mahali, mtu asipate nafasi ya kupumua. Hapo Kiarabu na Kilatini vimekutana. Hangaiko ni la mtu asiyetulia, aendaye huku na huku. Fadhaa humpata mtu ghafula, akapotewa na shauri. Afasiriye na achague kwa uangalifu.

Tulimrudia mzee, tukakiri kosa, tukamsomea tena. Alifuta macho, akasema, "Mwalimu, leta kalamu." Enyi walimu, msomeapo barua ya mtu, kama hamna hakika ya neno, semeni kwanza, "Sijui."