CHAMA CHA WADI MOJA KINA KOSA GANI?

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba wangu amepandwa na mori. Ati yeye na wazee wenzake wataunda chama chao wagombee kiti cha wadi, kwa maana vyama vikubwa hutukumbuka wakati wa kura tu. Shida yetu ni maji: kisima kimoja, foleni tangu alfajiri. Jina la chama walikuwa nalo, hata alama, mtungi. Nami kwa kuwa nasoma Historia na Serikali, nikatumwa niitafute sheria.

Kumbe si mchezo! Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 yataka chama kipate usajili wa muda kwanza, kisha kiombe usajili kamili katika siku 180. Hapo ndipo penye mwiba. Kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wote wapiga kura walioandikishwa, katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti 47. Piga hesabu, mwenzangu: kaunti 24, watu 24,000, na ofisi huko kote. Mtu ataka bomba la maji kijijini kwao, akasajili watu Turkana na Kwale?

Najua walimu watanijibu kwamba Katiba ya 2010 yakataza chama kujengwa juu ya kabila, dini au eneo. Nakubali kabisa. Wazazi wetu waliyaona yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tena afadhali masharti yaliyoandikwa kuliko hiari ya afisa. Baada ya Sehemu ya 2A kufutwa Desemba 1991, chama cha IPK cha Mombasa kilinyimwa usajili 1992, na Safina iliyoanzishwa 1995 ikangojeshwa hadi Novemba 1997, uchaguzi ukiwa mwezi uliofuata!

Hata hivyo, naona sheria hii imewafungia wanyonge pamoja na wakabila. Kwa nini pasiwe na ngazi ya chini, chama cha kugombea wadi za kaunti moja tu, mradi kionyeshe kuwa wanachama wake ni mchanganyiko wa jamii zote zikaazo pale?

Mtasema kuna mgombea huru. Ni kweli, sahihi za wapiga kura 500 wa wadi zatosha, naye asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Lakini mgombea huru ni mtu mmoja, jamani. Akishashinda na kuhamia mjini, ni nani atakayemwita kikaoni? Chama kingekuwa na mkutano, katibu na daftari.

Mjomba ameamua kufuata njia hiyo hiyo. Niliporudi shuleni, watu 62 walikuwa wameahidi kumtilia sahihi. Mama bado. Alimwambia, "Kaka, kwanza nionyeshe hayo maji yatatoka wapi."