Jino Si Neno Dogo

Mtu akivunjika mguu katika mtaa wetu, hakuna anayeuliza kama apelekwe hospitali. Watu hukimbia kutafuta pikipiki. Lakini mtu akivimba shavu kwa ajili ya jino, tunamwambia, «Vumilia, ni jino tu.» Maneno hayo mawili, «jino tu», ndiyo ninayoyapinga hapa. Kwa maana jino linaweza kuua mtu, nasi tukiwa tumeketi karibu naye tukimtazama.

Fahamu kwanza jinsi inavyokuwa. Sukari inayobaki juu ya meno ni chakula cha vidudu. Vidudu hivyo hufanya asidi, nayo asidi hula jino polepole hata kulitoboa. Shimo likifika ndani, penye mshipa wa fahamu, maumivu huanza. Pengine siku moja maumivu hunyamaza, na mgonjwa hufurahi. Asifurahi upesi. Mara nyingi mshipa umekufa, na vidudu vinashuka kwa njia ya mzizi mpaka katika taya. Huko hufanya usaha. Usaha wa meno ya chini unaweza kuingia chini ya ulimi na shingoni, ukaziba njia ya pumzi. Munganga mmoja Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1836. Leo dawa ziko, na wanganga wanajua kuutoa usaha. Lakini dawa iliyo hospitali haimponyi mtu aliyelala nyumbani.

Basi shika dalili hizi. Uvimbe umeshuka chini ya taya au umepanda karibu na jicho. Mgonjwa ana homa. Hawezi kufungua kinywa vizuri. Hawezi kumeza, hata mate yanamtoka. Ulimi umeinuka, sauti imebadilika, pumzi ni ngumu. Ukiona moja ya hizo, usingoje asubuhi. Mpeleke usiku ule ule. Akishindwa kupumua vizuri, mwache aketi, usimlaze chali.

Njiani na nyumbani, kuna mambo ya kukataa. Usiweke kitu cha moto juu ya uvimbe. Usiupasue kwa wembe. Usitie petroli wala asidi ya betri katika shimo la jino, vitaunguza kinywa. Usiweke aspirini juu ya ufizi, maana nayo huunguza. Tena usinunue vidonge viwili vya rangi sokoni na kusema umepona. Dawa hiyo inaweza kupunguza maumivu siku mbili, lakini jino bovu likibaki, ugonjwa unabaki. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, kisha uende.

Utaniambia, «Zamani mambo yalikuwa mepesi.» Ni kweli. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka siku za Union Minière, na Gécamines iliyofuata tangu 1967. Kampuni ilikuwa na hospitali zake, na mfanyakazi alitunzwa pamoja na mke na watoto. Kisha kampuni ikadhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya kuondoka. Leo watu wengi hujichimbia wenyewe shaba na kobalti. Mtu wa mashimo hana muuguzi wa kampuni wa kumwita. Kwa sababu hiyo nasema: maarifa yaliyokuwa kwa muuguzi, sasa lazima yakae katika kila nyumba.

Utaniambia tena, «Fedha sina.» Nalijua neno hilo. Lakini fanya hesabu. Kung'oa jino bovu mapema ni kazi ya muda mfupi, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Kulitibu taya lililojaa usaha ni siku nyingi kitandani, sindano, pengine kisu cha munganga, na siku hizo zote hakuna anayeleta unga wa bukari. Anayekimbia gharama ndogo hukutana na kubwa njiani.

Kuna na jambo la jino linalong'oka kwa kuanguka, kwa ajali ya pikipiki au kwa jiwe. Watu wengi hulitupa. Usilitupe! Jino la mtu mkubwa linaweza kushika tena. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina udongo, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, usilisugue. Lirudishe mahali pake polepole, mgonjwa aume kitambaa safi. Ikishindikana, litie katika maziwa, lisikauke. Fika kwa munganga wa meno upesi; nusu saa ya kwanza ndiyo bora. Ulizia na sindano ya pepopunda. Lakini jino la utoto usilirudishe, maana utaharibu lile linalokuja. Na kama mtu alizimia au anatapika, kichwa ndicho cha kwanza, jino baadaye.

Damu ikiendelea kutoka baada ya kung'olewa jino, kunja kitambaa safi, aume kwa nguvu dakika 20 au 30 bila kuchungulia. Isipokoma, rudi.

Na wewe mama, tazama kinywa cha mtoto wako, zaidi sana kama amekonda au ametoka kuugua surua. Ufizi wenye kidonda, kinywa chenye harufu mbaya na shavu linalovimba vinaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula uso. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuandika katika hesabu ya magonjwa yaliyosahauliwa. Siku za kwanza dawa na chakula chema huuzuia. Ukichelewa, mtoto anaweza kufa, na akipona atabaki na kovu la maisha.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa kanisa na wa mtaa. Kukiwa na kilio, tunachanga franka siku ile ile, na hakuna anayekosa. Ni vema. Lakini kwa nini tuwe wepesi kumzika mtu, na wazito kumlipia pikipiki ya kwenda hospitali? Wekeni sanduku dogo kwa ajili ya safari ya mgonjwa. Na mtu aliyevimba taya asikataliwe kwa kuambiwa, «Ni jino tu.» Yeye naye ahesabiwe kuwa mgonjwa.