Biti 40 Zinawatosha Wageni

Machi 2015, watafiti waliogundua udhaifu ulioitwa FREAK walitafuta tovuti ya kuuonyeshea. Wakachagua nsa.gov, ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, wasikilizaji wakuu wa simu za dunia. Kwa kompyuta za kukodi zilizogharimu kama dola 100, na kwa saa chache tu, ufunguo wa tovuti ile ulipasuka, wakaweza kujifanya ndiyo yenyewe mbele ya vivinjari vya Safari na Android. Nilicheka. Kisha nikakasirika, maana ufa ule haukuletwa na uzembe. Uliagizwa.

Miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliuhesabu usimbaji fiche kuwa silaha. Netscape ilipotaka kuuza kivinjari chake nje, ikaambiwa ikipunguze nguvu kwanza. Mmarekani akapewa ufunguo wa biti 128. Sisi wengine, kuanzia Paris hadi Pemba, tukapewa wa biti 40, ili wapelelezi wao wasitoke jasho. Agosti 1995 Mfaransa Damien Doligez aliuvunja kwa siku nane. Kampuni haikuona haya kuendelea kuuza. Biashara ni biashara, bwana!

Masharti yalilegezwa mwaka 2000, lakini msimbo ule dhaifu haukufagiliwa. Ulibaki ndani ya seva na vivinjari miaka kumi na mitano, ukimsubiri mtu wa katikati awashawishi wote wawili warudi kwenye ufunguo wa kupeleka ng'ambo. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu. Machi 2015 ukamgeukia mwenyewe.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Ya zamani? Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliidhinisha Dual_EC_DRBG, njia ya kuzalisha namba nasibu ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo. NSA ilikuwa na mkono wake humo. Mwaka uliofuata wataalamu wawili wa Microsoft walionyesha kwamba aliyechagua namba za msingi za njia hiyo angeweza kubashiri zinazofuata. Kiwango hicho hakikuondolewa wakati ule. Mwaka 2013 Reuters iliripoti kwamba kampuni ya RSA ililipwa dola milioni 10 ili njia hiyo iwe chaguo la kwanza kwenye bidhaa zake. RSA ilikanusha kwamba iliingiza mlango wa nyuma kwa makusudi. Haya, tuwaamini: basi kampuni inayouza usalama ilipuuza onyo lililotolewa hadharani miaka sita kabla! Sijui lipi ni aibu zaidi.

Desemba 2015 kampuni ya Juniper nayo ikatangaza kwamba imekuta msimbo wa mgeni kwenye vifaa vyake vya kulinda mitandao. Mtu aliingia, akakuta Dual_EC humo, akabadilisha namba ya msingi akaweka yake. Hakuhitaji kutoboa ukuta. Alibadilisha kitasa tu kwenye mlango aliochongewa.

Na bado serikali zinaomba mlango! Mwanzoni mwa 2025 Uingereza iliitaka Apple ifungue njia ya kufikia data iliyosimbwa ya wateja wake. Februari, Apple ikatangaza kwamba haitawapa tena Waingereza ulinzi wake imara zaidi wa iCloud. Amri yenyewe ilikuwa siri: kwa sheria ya 2016, kampuni iliyoipokea hairuhusiwi hata kukiri kwamba imeipokea. Waliotakiwa kulindwa walisoma habari zao kwenye magazeti.