DENI LA WAZEE WA MAKERE



Mimi ni mtu wa duka, na elimu yangu ni ya chuoni. Vitabu vya siasa vya wakubwa sikuvisoma, lakini daftari la mkopo nalijua, na daftari halisemi uongo. Tangu Aprili 2016, Serikali ya Zanzibar ilipoanza kutoa pencheni kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, yamo majina katika daftari langu ambayo hapo kabla yalikuwa hayafutiki, na sasa hufutika kila pencheni itokapo. Zilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikaongezwa zikawa 50,000. Si mali nyingi. Lakini bibi mwenye fedha yake mkononi haingii dukani kwa kujikunyata. Huingia akaagiza apimiwe sukari, na mchele usiwe wa chenga.

Nayasema haya kwa sababu ya niliyoyaona mbali na hapa. Safari ya kutafuta maharage ilinifikisha Makere, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, katika njia iendayo Kibondo. Ni nchi ya milima, na Waha wake ni watu wa jembe. Sokoni niliuziwa debe la maharage na mzee ambaye, kwa kauli yake, amekwisha pita miaka 75. Nilimuuliza kwa nini anauza debe zima ilhali msimu wa kupanda umekaribia. Akanijibu kwamba alikwenda zahanati, akapokewa kwa heshima, akatazamwa bure kwa kuwa ni mzee, kisha akapewa karatasi akanunue dawa mwenyewe. Yale maharage yalikuwa mbegu yake. Nami, nisifiche, niliyanunua, kwani alikuwa na haja ya fedha kuliko nasaha zangu.

Zahanati yenyewe siitaji. Mganga hana kosa. Hawezi mtu kugawa kilichomo katika kabati tupu. Kosa liko juu zaidi.

Hebu tuzitazame ahadi. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumpatia mtu msaada wakati wa uzee na maradhi. Lakini ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo yasema hakuna mahakama iwezayo kuilazimisha Serikali juu ya jambo hilo. Mwaka 2003 ikatoka Sera ya Taifa ya Wazee, ikaahidi matibabu bila malipo kwa mzee wa miaka 60 asiyeweza kulipa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Karatasi juu ya karatasi! Na kadi si dawa.

Wapo watakaosema kwamba mzee haidai Serikali kitu, na kwamba akipewa ni hisani. La hasha! Mzee huyu wa Makere alikuwa kijana halmashauri za wilaya ziliporudishwa mwaka 1984. Katika miaka iliyofuata, watu wa rika lake walilipa kodi ya maendeleo, na asiyelipa alikimbizwa na mgambo hata porini. Kodi hiyo haikufutwa ila mwaka 2003, mwaka ule ule wa sera. Basi alilipa miaka ya nguvu zake, na siku ya kudai ilipofika akapewa karatasi. Dukani kwangu mtu akilipa kabla kisha nisimpe bidhaa, jina langu nitaitwa nani?

Imepokewa katika Kitabu cha Kharaj cha Kadhi Abu Yusuf kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni kwa watu. Alipojua kwamba aliyemfikisha hapo ni uzee, haja na kodi, alimwamuru mtunza Baitul-Mali amtazame yeye na wote walio mfano wake, kwani si insafu kuula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Dini yake aliiuliza, lakini hakumnyima kwa ajili ya dini hiyo.

Na tusiambiwe kwamba halmashauri haina njia. Sheria inaitaka kila halmashauri ya Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mzee, kwa uzee wake, hana hata moja. Ama fedha za TASAF, hizo ni za kaya zilizopimwa zikaonekana fukara, na mzee mwenye kijishamba aweza kuachwa. Hapa kwetu haulizwi mtu ufukara wake, huulizwa umri. Kenya tangu 2018 hulipa wazee wa miaka 70, na Uganda hulipa wa miaka 80. Je, hao wana dhahabu kutushinda?

Atasema mwanachama: Makere yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani wajumbe wa Visiwani hukaa katika Bunge la Dodoma na hupiga kura hata katika mambo yasiyo ya Muungano. Anayenyoosha mkono juu ya mzee wa Makere ana dhamana juu yake. Wala tusijione tumemaliza. Pencheni yetu hutoka katika kodi zetu. Si zawadi ya chama chochote, na bibi yetu hana wa kumshukuru kwa kura yake. Na mvuvi au mkwezi wa miaka 65 ambaye mgongo umemkatalia, naye angoje miaka mitano?

Basi katika mikutano ya matawi yetu tuyadai haya: pencheni ya umri kwa wazee wa Bara, iliyofungwa kwa sheria na si kwa sera, fungu la dawa za wazee katika bajeti ya kila halmashauri, lisomwe hadharani kijijini, na umri wa pencheni yetu ushushwe.

Ahadi ni deni, ndugu zangu. Mzee wa Makere alilipa kwanza. Anangoja bidhaa yake, na shamba lake halina mbegu.