Daftari la ardhi: Usipolisoma wewe, dalali atakusomea

Shuka Vipingo kwenye barabara kuu ya Mombasa-Malindi, kamata boda hadi ufuoni Kuruwitu. Asubuhi utawakuta mama karanga kwenye diko wakisubiri wavuvi warudi. Mmoja atanunua samaki wake, akaange, apeleke sokoni, na kabla hajauza wa tatu kanjo ameshafika na kitabu cha risiti. Ni hivyo kila siku. Hakuna msamaha wala kesho.

Sasa geuka utazame nyuma ya diko. Utaona kuta ndefu, mageti na nyumba ambazo nyingine hufunguliwa Disemba tu. Jiulize: ploti ile inailipa kaunti pesa ngapi kwa mwaka? Na wewe ungejuaje?

Kama huna jibu, usijilaumu. Wengi wetu tunaijua bei ya bando kuliko ada ya ardhi, ile inayoitwa reti. Lakini ndiyo stori tunayotaka uisome leo hadi mwisho, kwa sababu inagusa shamba la babu yako na barabara unayopita.

Tuanze na misingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaipa kaunti nguvu ya kutoza ada ya mali. Hii si ile kodi ya ardhi inayolipwa serikali kuu na mwenye ploti ya kukodishwa, mathalan ile ya miaka 99. Hizo ni mbili tofauti, na mwenye ploti kama hiyo anaweza kudaiwa zote mbili.

Ada yenyewe inahesabiwa kwa vitu viwili tu. Cha kwanza ni thamani ya ploti iliyoandikwa na mthamini kwenye daftari la thamani. Cha pili ni kiwango kinachowekwa na kaunti. Tuseme daftari linasema ploti ina thamani ya milioni 2, na kiwango ni nusu ya asilimia moja. Mwenyewe atadaiwa Sh10,000 kwa mwaka. Lakini kama daftari ni la zamani na bado linasema ploti hiyohiyo ni ya Sh50,000, atadaiwa Sh250. Kumbuka pia kwamba kwa miaka mingi Kenya imetoza thamani ya kiwanja, si jengo lililo juu yake. Kasri na kibanda kwenye viwanja vinavyolingana vilidaiwa sawa.

Hapo ndipo penye utamu, au uchungu. Daftari likizeeka, anayefaidi zaidi ni yule ambaye ploti yake imepanda bei zaidi. Na ploti za baharini ndizo zimepanda. Usidhani ni shida ya mashambani: Nairobi yenyewe ilitumia daftari la 1982 kwa zaidi ya miaka 30. Sheria ya zamani ilitaka thamani zipitiwe kila miaka 10, tena ikaacha mwanya wa kuongeza muda. Sheria mpya ya kitaifa ya ada za ardhi, ya 2024, imeshusha hadi miaka 5. Ni hatua nzuri, ila sheria haijisomi yenyewe.

Hapa kwetu kuna mzigo zaidi. Kaunti ya Kilifi ilipoanza 2013, ilirithi mabaraza tofauti, likiwemo la manispaa ya Malindi na lile la kaunti ya zamani ya Kilifi, kila moja na makaratasi yake. Na kabla ya hapo kuna jeraha la zamani zaidi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wapeleke madai yao ya ardhi kwa mkoloni. Wamijikenda wengi walibaki nje ya vitabu hivyo, na wajukuu wao wakaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Kwa hivyo Mpwani akisikia neno "rekodi za ardhi" anashtuka, na ana sababu.

Lakini funzo la 1908 si kukimbia vitabu. Aliyekosa kuandikwa ndiye aliyepoteza.

Tazama inavyotokea siku hizi. Babu anafariki, hati bado ina jina lake. Familia haijafungua kesi ya urithi kwa sababu kila mtu anamngoja mwenzake. Kama shamba liko kwenye eneo linalotozwa ada, deni linaendelea kwa jina la marehemu, na riba juu. Deni hilo halifi na mtu, linaikalia ardhi. Siku mnataka kuhamisha jina au kuuza kipande mlipe karo, msajili anadai cheti cha kaunti kuonyesha hamna deni la ada. Hamna cheti, hamna uhamisho. Ndipo anatokea dalali mpole, mwenye viatu safi: "Mimi nitawalipia deni lote, nyinyi nipeni tu ile sehemu ya mbele." Ya mbele ndiyo ya barabarani. Familia inashukuru, inatia sahihi, na miaka miwili baadaye mnapita ubavuni mwa ukuta.

Kuna jambo jingine la Kuruwitu ambalo haliandikwi kwenye daftari lolote. Mwaka 2005 wavuvi wa hapa walijifungia wenyewe sehemu ya bahari yao, karibu hekta 30, wakakubali kutovua ndani yake ili samaki na matumbawe vipate kupona. Leo wanaiita tengefu. Kazi hiyo ikawaletea Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Waliokaa bila samaki hao mwanzoni walikuwa wavuvi na mama karanga. Lakini bahari ikipona na ufuo ukipendeza, bei inayopanda ni ya ploti iliyo mbele yake, na mwenye ploti hakulala njaa hata usiku mmoja kwa ajili hiyo. Ada ya ardhi ikitozwa kwa thamani ya kweli ni njia moja ya halali ya kurudisha sehemu ya faida hiyo kwa umma: maji, zahanati, barabara ya kufika diko.

Wapo watakaosema tunachochea ada zipande na wazee wenye mashamba makubwa yasiyo na pesa waumie. Hofu hiyo ni ya haki. Mzee mwenye ekari 12 za minazi hana mshahara wa kulipa kama mwenye hoteli. Lakini kaunti haifungwi kutumia kipimo kimoja kwa wote. Inaweza kuweka kiwango cha shamba tofauti na cha biashara, na ardhi ya kilimo imekuwa ikiweza kutozwa kwa ekari. Nani atalisema hilo kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu mswada wa fedha? Mwenye hoteli atamtuma wakili. Mzee atamtuma nani, kama si wewe?

Basi fanya haya, na hayahitaji digrii.

Kwanza, chukua namba ya ploti ya nyumbani kwenye hati. Ukanda huu nyingi huanza na MN/III. Nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uulize: iko kwenye daftari? Thamani gani imeandikwa? Deni ni kiasi gani, na kati yake riba ni ngapi?

Pili, lipa kwa akaunti ya kaunti pekee. Usimpe mtu pesa mkononi. Hakikisha risiti ina namba ya ploti yenu, si ya jirani, kisha uitunze.

Tatu, daftari jipya likitangazwa, nenda ulikague. Sheria ya zamani ilitoa siku 28 za kupinga thamani. Usingoje ya 27. Mkinyimwa taarifa, sheria ya kupata habari ya 2016 iko upande wenu.

Nne, anzisheni urithi wa babu mwaka huu, wazee wanaojua mipaka wakiwa bado hai.

Na kaunti nayo isikie. Msamaha wa riba unaotangazwa mara kwa mara humfurahisha aliyengoja, na humfanya mjinga aliyelipa mapema. Badala yake, bandikeni daftari mtandaoni na kwenye kila ofisi ya wadi, kwa Kiswahili, mtu alisome bila kumjua mtu ndani.

Mama karanga wa Kuruwitu hulipa asubuhi, mbele ya watu wote, na risiti yake inaonekana. Tunachotaka ni kwamba ploti iliyo nyuma yake nayo ionekane vivyo hivyo.