Samaki mkali hana kosa, tumtambue kwanza kabla ya kumnunua

Mtu akinunua samaki sita siku ya Jumapili na kubaki na wawili Ijumaa, kwanza husema muuzaji amemdanganya. Kisha husema maji ni mabaya. Mara nyingi sababu ni nyingine: mmoja kati ya wale wawili ndiye aliyewaua wenzake wanne. Kwa maoni yangu, wakaaji wa Likasi wanaopenda kufuga samaki ndani ya sanduku la kioo wanakosa jambo moja ambalo halihitaji hata franka moja: kumtambua samaki kabla ya kumlipia.

Wengi wa samaki hao wapiganaji ni wa jamaa ya sikilidi. Tilapia tunayekula na bukari ni wa jamaa hiyo hiyo. Mwangalie puani: samaki wengi wana matundu mawili kila upande, lakini sikilidi ana moja tu. Angalia pia mstari wa ubavuni: kwake umekatika vipande viwili, kimoja juu, kingine chini kuelekea mkia. Pezi la mgongoni ni refu, mbele lina miiba migumu, nyuma ni laini. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kujifunza alama hizi kwa tilapia wa sokoni, kabla mama hajamtia chumvi.

Lakini kujua jamaa yake hakutoshi, maana ndani ya jamaa moja tabia hazifanani. Ziwa Tanganyika, ambalo kwa upande wetu lina Kalemie na Moba, lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Kuna kuhe, anayeweza kupita sentimita 60. Huyo ni wa chungu, si wa kioo. Kuna Tropheus, anayetosha kiganjani, mwenye rangi nzuri, anayekwangua majani ya mawe kwa meno yake. Huyo ndiye anayewaponza wengi. Ukiweka wanne, mwenye nguvu atamfukuza mnyonge mpaka afe, kisha ataanza na wa pili. Wafugaji wenye uzoefu huweka 12 au zaidi, ndani ya lita 300 hivi, ili ukali ugawanyike. Na wasipewe nyama, maana tumbo huvimba na wakafa.

Kuna pia Neolamprologus multifasciatus, asiyefika sentimita 5, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Naye ni mkali mlangoni kwake, lakini ufalme wake ni wa upana wa sahani. Mwenye sanduku dogo achague huyo.

Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Ziwani, anayeshindwa hukimbia na ugomvi unaisha. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Ndiyo maana nasema lawama ni ya mwenye sanduku, si ya samaki. Panga mawe mengi ili wasionane kila wakati. Ukiongeza samaki mgeni, hamisha mawe kwanza na uzime taa, wenyeji wasahau mipaka yao. Ukiona mmoja amejibana kwenye pembe juu ya maji, mapezi yamechanika, hali chakula, mtoe siku hiyo hiyo.

Kuna watakaosema samaki wengi ndiyo dawa ya vita. Ni kweli kwa Tropheus, lakini hapa kwetu tusisahau umeme. Ukikatika, pampu ya hewa inasimama, na sanduku lililojaa ndilo linalokosa hewa mapema. Asiye na betri ya akiba asianze na kundi kubwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mtu kuchoka na samaki mkali na kwenda kumtupa mtoni kwa huruma. Maji ya mji wetu, pamoja na ya mto Panda, yanaelekea Lufira na ziwa Tshangalele, ambako familia za wavuvi zinapata riziki. Huko Zambia, kwenye mto Kafue, tilapia wa Nile waliotoroka mabwawa ya ufugaji wamezaana na tilapia wa asili na kuchanganya mbegu. Katika Ziwa Victoria, sangara aliingizwa miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi za sikilidi zikatoweka. Tshangalele tayari inabeba uchafu wa viwanda vya madini. Tusiiongezee mzigo mwingine kwa mikono yetu. Samaki aliyekushinda mrudishe kwa muuzaji au mpe mwenye sanduku kubwa. Mtoni asiende.

Wauzaji nao wana deni. Kuandika kwenye karatasi jina la aina, ukubwa atakaofikia na ziwa au mto alikotoka si kazi ngumu. Sisi wanunuzi tuwaulize hayo matatu kila mara. Asiyeweza kuyajibu, tumwachie samaki wake, pesa ibaki mfukoni.